Kwa nini rafiki wa mtandaoni huliona goli kabla yako

Swali la msomaji: "Ninaishi Morogoro na nimo katika kundi la WhatsApp la marafiki tuliofahamiana mtandaoni, wengine wako Dar es Salaam, Mombasa na Muscat. Tunazungumza mechi za Ligi Kuu ya Uingereza, za Simba na Yanga, na tamthilia tunazozifuatilia. Mechi ikiendelea, mwenzetu mmoja huandika 'goli!' wakati kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Mimi hutazama kwa simu, picha ni safi, na nimekwisha kubadilisha mtandao wa simu bila mafanikio. Baadhi yetu wanataka mwenzetu huyo atolewe. Je, tatizo ni intaneti yangu? Na tufanyeje ili tutazame pamoja bila kuharibiana, kwenye mpira na kwenye tamthilia?"

Jibu:

Ndugu msomaji, nianze na lililo la haraka: msimtoe mwenzenu kundini, na usinunue bando jingine kwa ajili ya tatizo hili. Intaneti yako inafanya kazi vizuri, na ushahidi umeutoa mwenyewe uliposema kwamba picha ni safi. Kinachowatenganisha ni njia ambayo picha ya kila mmoja imepitia kabla ya kufika machoni pake. Kila njia ina kuchelewa kwake, na kuchelewa kwa simu ni kukubwa kuliko kwa dishi. Ujumbe wa maandishi, kwa upande mwingine, ni mdogo sana na kwa kawaida hufika katika muda usiotimia sekunde moja. Kwa hiyo habari ya goli inasafiri kwa kasi ile ile kwenda kwenu nyote, ilhali picha ya goli inawafikia kwa nyakati zinazopishana hata kwa nusu dakika.

Wengi hudhani kwamba kinachochelewesha ni umbali. Dhana hiyo ni vyema tuiondoe mapema, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wabadilishe laini za simu bila faida. Setilaiti ya matangazo hukaa juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 35,786 kutoka ardhini, na mawimbi yanayopanda kwake na kushuka kwenye dishi lako hutumia takriban robo ya sekunde. Katika nyaya za mkongo zilizolazwa chini ya bahari, mwanga husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo hata safari ya kilomita 10,000 humalizika kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Picha ikipanda setilaiti mara mbili na kupita baharini mara moja, umbali wote huo haujafikisha sekunde moja. Muda uliobaki hupotea mahali ambapo picha husimama na kusubiri.

Chukua mechi ya Uingereza. Picha za kamera huingia kwenye gari la matangazo nje ya uwanja, zikapelekwa kwenye kituo cha uzalishaji jijini London, kisha zikafika kwa wenye haki za kurusha. Kwa mtazamaji wa Morogoro au Mombasa mwenye dishi la DStv, zinapita SuperSport, Randburg nchini Afrika Kusini. Kwa mwenzenu wa Muscat zinapita beIN, kampuni ya chaneli za michezo iliyoko Doha nchini Qatar. Katika vituo hivyo huongezwa sauti za watangazaji, nembo na matangazo ya biashara, na karibu kila hatua hubana picha upya au kuifungua.

Kubana huko ndiko chanzo cha kwanza cha kusubiri. Picha ya kiwango cha HD isiyobanwa huhitaji zaidi ya biti bilioni moja kwa kila sekunde, na hakuna chaneli inayoweza kulipia nafasi hiyo kwenye setilaiti, kwa hiyo hubanwa mpaka zibaki biti milioni chache. Mashine inayobana haiitazami kila fremu, yaani kila picha moja tuli kati ya zile zinazounda video, peke yake. Huilinganisha na fremu zilizotangulia na zinazofuata, ikahifadhi tu kile kilichobadilika: mpira umesogea, mchezaji amegeuka, nyasi zimebaki vile vile. Ili ilinganishe na fremu zinazofuata ni lazima kwanza izisubiri zifike, na kisimbuzi chako nacho kikipokea ni lazima kikusanye za kutosha ndipo kianze kuzifungua. Hatua moja ya namna hiyo hula sekunde moja hivi au zaidi, na hatua ziko kadhaa. Ndiyo maana hata mwenye dishi anayejiona anatazama mubashara yuko sekunde kadhaa nyuma ya uwanja, na ndiyo maana chaneli ya HD na ile ya kawaida zinazorusha mechi ile ile huweza kupishana kidogo ndani ya nyumba moja.

Wakati wa analojia mambo hayakuwa hivi. Picha haikubanwa kidijitali, ikatoka kwenye mnara na kuingia kwenye antena karibu papo hapo, na mtaa mzima ulipiga kelele kwa pamoja. Tanzania ilianza kuzima mitambo hiyo Desemba 31, 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam, na tukapata picha bora na chaneli nyingi kwa nafasi ile ile ya masafa. Naona tulifanya vyema, lakini tulichokitoa ni ule upamoja wa sekunde, na watu wengi hawakuambiwa kwamba umetolewa.

Sasa tuje kwenye simu yako, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito wa swali lako. Programu nyingi za kutazamia mpira kwa intaneti hazitumi picha kama mkondo usiokatika. Huikata katika vipande vya sekunde chache kila kimoja. Kwa muda mrefu kiwango kilichozoeleka kilikuwa sekunde 10, na baadaye Apple, ambao ndio walioanzisha mfumo unaotumiwa zaidi, walipendekeza 6. Kipande hakiwezi kutumwa kabla hakijakamilika kurekodiwa. Kikikamilika hupelekwa kwenye seva zilizosambazwa sehemu mbalimbali, na simu yako hukiomba kutoka seva iliyo karibu. Halafu mwongozo wa mfumo wenyewe unaielekeza simu isianze kwenye kipande kipya kabisa, bali irudi nyuma kwa muda wa vipande vitatu hivi, ili iwe na akiba. Piga hesabu: vipande vitatu vya sekunde 6 ni sekunde 18, na vya sekunde 10 ni 30, kabla hujaongeza muda wa kubana, kusambaza na zile sekunde za awali zilizotumika kuitoa picha uwanjani.

Akiba hiyo imewekwa kwa makusudi. Inafanya kazi ile ile ya tangi la maji juu ya paa katika mtaa ambao maji ya bomba huja na kukatika: unaoga kwa maji yaliyoingia zamani kidogo, na kwa sababu hiyo hujui kwamba bomba limekata kwa muda. Intaneti ya simu hupanda na kushuka kila wakati, hasa mnapokuwa wengi kwenye mnara mmoja jioni ya mechi kubwa, na bila akiba picha ingekwama kila unapohama chumba. Usafi wa picha yako na kuchelewa kwa goli lako vimetokana na uamuzi mmoja wa kiufundi.

Kuna jambo la ziada ambalo watazamaji wengi hawalijui, nalo huongeza pengo kadiri mechi inavyosonga. Mtandao ukikwama kiasi cha kuimaliza akiba yote, picha husimama. Na ukirejea, programu nyingi huendelea pale pale zilipoishia badala ya kuruka hadi kwenye hali ya uwanjani. Ukikwama sekunde 5 mara nne, umeongeza sekunde 20 juu ya zile ulizokuwa nazo, na hutazirudisha mpaka ubonyeze alama ya mubashara iliyo kwenye programu au utoke na kuingia upya. Kwa hiyo fanya hivyo wakati wa mapumziko, na tena kabla ya dakika za nyongeza. Hilo peke yake huenda likakupunguzia nusu ya usumbufu.

Huenda ukauliza mbona simu ya video ya WhatsApp haichelewi hivyo, na mtu wa Muscat akicheka nawe unamwona akicheka. Ni kwa sababu simu ya video imechagua kinyume. Inatuma picha kidogo kidogo bila kuweka akiba ya maana, na kipande kikipotea njiani haikisubiri. Inakuacha uone uso wenye ukungu na sauti inayokatika, mradi mazungumzo yasisimame. Hakuna mtu aliyelipia kifurushi cha michezo ambaye angekubali kuona penalti ikiwa na ukungu. Zipo mbinu za katikati: mwaka 2019 Apple walitangaza toleo la mfumo wao linalogawa kila kipande katika vijisehemu na kuvituma kabla kipande chenyewe hakijakamilika, na kwa njia hiyo kuchelewa kunaweza kushuka hadi sekunde chache. Lakini inahitaji seva, programu na simu vyote viuelewe mfumo huo, na akiba ikipungua hatari ya kukwama huongezeka, kwa hiyo mwenye huduma hupima lipi litamletea malalamiko machache.

Wale wanaotazama kwa viungo vya wizi vinavyozunguka mitandaoni wako nyuma kuliko wote. Mwizi huchukua picha iliyokwisha kufika kwenye kisimbuzi, akaibana upya na kuituma upya, kwa hiyo ucheleweshaji wa dishi na ule wa intaneti hujumlishwa. Ukiwa na mwenzako kundini anayelalamika kwamba yuko dakika nzima nyuma, mara nyingi sababu ni hiyo, na dawa yake hakuna nyingine ila kuacha.

Upande wa pili wa foleni wako walio mbele. Aliyeko uwanjani ni wa kwanza, bila shaka: Agosti 2, 2025, Taifa Stars ilipoifunga Burkina Faso 2-0 kwenye ufunguzi wa CHAN, mtu yeyote aliyekuwa na simu mkononi ndani ya Uwanja wa Benjamin Mkapa angeweza kulitangaza kila goli kabla ya runinga yoyote nchini kulionyesha. Anayefuata mara nyingi ni msikilizaji wa redio ya FM ambayo mtangazaji wake yuko uwanjani, kwa kuwa sauti haipitii kubanwa kwingi namna ile. Programu za matokeo nazo huwa mbele ya picha, kwani kampuni zinazokusanya takwimu huweka watu viwanjani wanaobonyeza kila tukio linapotokea. Usije ukamlaumu mwenzako kwa kosa la arifa uliyoiwasha mwenyewe kwenye simu yako. Na ukikaa karibu na kibanda umiza kinachotumia dishi, hata WhatsApp ukiizima, kelele za watu zitakupa habari.

Baada ya kuelewa hayo, kinachobaki ni kupima na kukubaliana. Msitumie saa za WhatsApp kupimia, kwa sababu zinaonyesha saa na dakika pekee, na pengo lenu ni la sekunde. Tumieni saa ya mchezo inayoonekana pembeni mwa skrini. Katika mechi hizi za kimataifa saa hiyo hupachikwa kwenye picha huko huko inakozalishwa, kwa hiyo husafiri pamoja na picha na kuchelewa pamoja nayo. Chagueni dakika tulivu, tuseme saa inapotimiza 20:00. Yule ambaye kwake hufika mapema awashe kipima muda cha simu yake papo hapo, na kila mmoja wenu, saa ya kwenye skrini yake ikifika hapo hapo, atume nukta moja kundini. Mpimaji ataandika kila nukta imeingia sekunde ya ngapi. Kosa la vidole na la ujumbe kusafiri halizidi sekunde moja au mbili, na hilo si kitu ukilinganisha na pengo lenyewe. Mtapata picha ya namna hii: wa dishi la Mombasa sifuri, wa Muscat 4, wa dishi la Dar es Salaam 2, wewe 37. Namba hizo ni za mfano tu. Zenu mtazipata wenyewe.

Mkiwa na namba, njia ya kwanza ni kuwarudisha nyuma walio mbele. Visimbuzi vyenye uwezo wa kurekodi, kama Explora ya DStv, huruhusu mtu kusimamisha picha mubashara na kuiendeleza baadaye. Mwenzenu wa Mombasa akisimamisha mpaka saa ya mchezo ilingane na yako, mtakuwa mnatazama sekunde ile ile, na mnaweza hata kupigiana simu ya sauti mkazungumza mechi kama mliokaa chumba kimoja. Kinyume chake hakiwezekani: wewe huwezi kusogea mbele ya pale programu yako inapokuruhusu. Kwa hiyo mzigo wa kusawazisha humwangukia aliye mbele, naye aufanye kwa hiari, si kwa kutishiwa kutolewa.

Wasio na visimbuzi vya aina hiyo nawashauri kanuni moja ambayo nimeona inafanya kazi kuliko nyingine zote: habari ya goli, penalti au kadi nyekundu huandikwa kwanza na yule anayechelewa kuliko wote. Wengine husubiri mpaka aandike yeye. Watu hudhani itawanyima raha, na kwa dakika chache za kwanza inawanyima kweli, lakini sekunde 37 ni muda mfupi mno kwa mtu ambaye atalizungumza goli hilo wiki nzima. Yapo maneno mengine ambayo si habari moja kwa moja lakini huivujisha habari: "hamtaamini", "aaah!", au alama tatu za moto. Kanuni iyahusu na hayo. Hata ukimya huvujisha, kwani kundi lililokuwa likibishana kuhusu kona likinyamaza ghafla, aliye nyuma hujua kuna jambo. Dawa yake ni kila mtu kuanza ujumbe wake kwa dakika ya mchezo, "34: beki wa kushoto anaacha nafasi kubwa", na kuendelea na mada aliyokuwa nayo hata goli likiingia. Ukisoma dakika kabla ya maneno, unajua kama jambo hilo limekwisha kukufikia.

Kwa mikwaju ya penalti kanuni hiyo haitoshi, kwa sababu tukio moja hufuata jingine haraka kuliko pengo lenu. Aliye mbele amekwisha kuona mkwaju wa pili wakati wewe mpigaji wa kwanza anaweka mpira. Hapo nyamazisheni kundi nyote, mrudi baada ya mkwaju wa mwisho. Ukinyamazisha, hakikisha pia kwamba arifa hazionyeshi maneno ya ujumbe juu ya skrini, hasa wewe unayetazama kwa kifaa kile kile unachochatia.

Tamthilia ina tabia nyingine. Pengo huko ni la saa au siku: mmoja ametazama kwenye chaneli usiku, mwingine atasubiri marudio ya kesho mchana, wa tatu ana programu inayomruhusu kutazama anapopenda, na wa Muscat saa yake imetangulia ya kwenu kwa saa moja. Kwa hiyo msikubaliane kwa muda, kubalianeni kwa namba ya sehemu. Mstari wa kwanza wa ujumbe utaje msimu na sehemu tu, na habari yenyewe ianze chini baada ya nafasi ya kutosha, maana arifa huonyesha maneno ya mwanzo. Telegram ina namna ya kufunika maandishi mpaka msomaji ayaguse, nayo inafaa sana kwa jambo hili. Ningependa zaidi mfungue kundi la pili kwa ajili ya tamthilia pekee, kwa kuwa aliyekosa sehemu moja anaweza kuliacha kundi hilo bila kulifungua kwa siku mbili na bado akawa nanyi kwenye mpira.

Kipimo cha dakika ya 20 kifanyeni kwanza katika mechi ya timu mbili ambazo hakuna kati yenu anayezishabikia, ili asiwepo mwenye haraka ya kuandika. Kirudieni mwanzoni mwa kipindi cha pili, kwa sababu walio kwenye simu huenda wamerudi nyuma zaidi, kisha namba za kila mmoja ziwekwe kwenye maelezo ya kundi, na zibadilishwe mtu anapohama kutoka simu kwenda dishi.